Tarishi Aliyeshuka Mlima na Vifaranga Ishirini na Sita

Saa kumi na moja na robo alfajiri, lori la barua linarudi kinyumenyume hadi mlango wa uani wa posta ya Bergum, Wisconsin. Dereva hajazima hata injini, Janelle Tollefsrud ameshausogelea mlango wa lori na kutega sikio.

"Wanalia," anasema, na mabega yake yanashuka. "Haya, nipeni wanangu."

Yanashushwa masanduku manne ya kadibodi yenye matundu ubavuni. Ndani ya kila moja kuna vifaranga ishirini na tano au zaidi, na kelele zao zinaijaza posta nzima hadi mtu akitaka kusema inabidi apaze sauti. Ni Aprili. Katika vilima hivi mwezi huu kila mwenye banda la kuku anangoja sanduku.

Wenyewe wa masanduku matatu wana simu. Mkuu wa posta, Duane Sobotka, anawapigia mmoja baada ya mwingine, na kabla hajamaliza kahawa yake wanaanza kufika na magari, nywele hazijachanwa, mmoja bado amevaa suruali ya kulalia ndani ya mabuti. La nne limeandikwa Malinda Borntreger, Bonde la Otter. Huyo hapigiwi. Ni Mwamishi, wa Wakristo wale wanaoishi bila umeme wala magari, na nyumba za Waamishi hazina simu.

"Hilo ni langu," anasema Janelle, na kulisogeza karibu na kipasha joto. Halibandiki hapo, analiacha mbali kidogo, kisha anaweka kiganja juu yake kupima.

Janelle ana miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akiwa tarishi wa vijijini. Njia yake ni maili sabini na moja, masanduku ya barua mia tatu kumi na nane. Gari ni lake mwenyewe, lenye usukani upande wa kulia, tofauti na magari mengine ya Marekani, ili mkono ufike kwenye masanduku bila kushuka. Analipwa kwa saa tisa kwa siku, hata siku ambayo theluji imemfanya amalize kwa kumi na mbili. "Nikikaa nikapiga hesabu nitalia," anasema, "kwa hiyo sikai."

Leo ana sababu ya kuwa na haraka. Kifaranga kabla ya kuanguliwa hufyonza kiini cha yai, na kiini hicho ndicho chakula chake na maji yake kwa siku tatu. Ndiyo maana anaweza kutiwa kwenye sanduku na kusafirishwa kama kifurushi cha soksi. Lakini tatu ni tatu. Vifaranga wa Malinda waliondoka kwenye kiwanda cha kutotoleshea Jumatatu jioni, theluji ya Aprili ikawakwamisha njiani siku nzima, na leo ni Alhamisi. Kufikia jioni akiba yao itakuwa imekwisha.

Na kuna jambo la pili. Theluji hiyo imeyeyuka, kijito cha Otter kimefura, na daraja dogo la kwenda kwa akina Borntreger liko chini ya maji. Malinda aliliona mapema. Jana aliacha kikaratasi ndani ya sanduku lake la barua, kwa mwandiko ulionyooka: "Maji yanapanda, yatafunika daraja. Alhamisi nitapita njia ya mlimani na kigari cha farasi, nikungoje njia panda ya Gingerich saa nne."

Duane anakisoma, anakigeuza nyuma na mbele. "Saa nne ya nani?"

Swali la maana hilo. Mwezi Machi sisi tuliobaki husogeza saa zetu mbele kwa saa moja. Waamishi wa Bonde la Otter hawasogezi. Wanasema ng'ombe hawajasikia hilo tangazo. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba bonde lile lina saa mbili: ya haraka, ambayo ni yetu, na ya polepole, ambayo ni yao. Kwao ikiwa saa nne, kwetu ni saa tano.

"Ya kwao, bwana," anajibu Janelle. "Nitakuwa pale saa tano."

"Una uhakika?"

"Duane, hawa watu nimewapelekea barua miaka kumi na tisa. Wewe uza stempu, mambo ya Waamishi niachie mimi."

"Haya mama, nimenyamaza. Ila ukirudi na kuku hapa, kwangu hawalali."

Saa mbili na nusu gari linaondoka. Kwa kibali cha Duane, na baada ya kutia saini karatasi tatu, mwandishi wa gazeti hili amekaa nyuma kati ya magunia ya barua. Sanduku la Malinda limepewa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Kipasha joto cha gari kinavuma. Nje mvua ya barafu imeanza. Janelle anatokwa jasho, na kila baada ya masanduku machache anashusha kioo kidogo, anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, anakipandisha.

Mwandishi anauliza, kwa nia njema tu, kwa nini asiwafunike vifaranga na blanketi ili apunguze huo moto.

Janelle anatia barua sanduku la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la sita anasimamisha gari na kuliacha likinguruma.

"Hili usiliandike," anasema.

Kisha anasema. Mwaka jana, tarehe ishirini na sita Machi, alimbebea Malinda sanduku kama hili. Baridi ilikuwa kali, akawaonea huruma, akawasha kipasha joto hadi mwisho na kulifunika sanduku kwa blanketi la sufu alilokuwa nalo kwenye buti la gari. Aliona amefanya la maana. Njiani walinyamaza, naye akasema moyoni, wamepata joto, wamelala. Alipofika kwenye geti la Malinda na kulifunua sanduku, akachungulia kwenye matundu, hapakuwa na kifaranga aliyeinua kichwa. Blanketi lilikuwa limeziba matundu.

"Nilimwambia, 'Pole, Malinda, wamefia njiani.' Wala si uongo, walifia njiani kweli. Lakini ni mimi niliyewaua, kwenye hiki kiti. Nilimkabidhi sanduku nikaondoa gari. Sikushuka hata kumsaidia kulibeba."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka mzima Janelle amepita kwenye geti hilo siku sita kwa wiki, akapunga mkono, akapungiwa.

Hasara yenyewe haikuwa ndogo. Majira ya baridi yaliyotangulia, kicheche alipenya kwenye banda la Malinda na kuua kuku thelathini na mmoja kwa usiku mmoja, akala wawili. Vifaranga wale ndio waliokuwa wachukue nafasi. Kibanda cha mayai kilichoko barabarani, ambacho kilikuwa kikiuza dazeni kumi na nne kwa wiki, kimekaa kitupu tangu hapo. Septemba mumewe Malinda, Rudy, akaanguka kutoka kwenye paa la ghala na kuvunjika nyonga. Tangu siku hiyo anafuma viti akiwa amekaa, na watoto saba wanakula kama watoto saba.

"Na kuna kitu kinachonikosesha raha zaidi," Janelle anasema. "Kiwanda kinarudisha fedha au vifaranga wengine ukiwaandikia ndani ya siku mbili kwamba wamefika wamekufa. Kila mtu anaandika. Malinda hakuandika. Barua zote za bonde lile nazichukua mimi, ningeiona. Nilisubiri wiki, nikasubiri mwezi. Hakuna. Kwa nini asiandike?"

Anaingiza gia. Sandukuni wanaendelea kupiga kelele, na kwa mtu aliyekaa nyuma ni kero. Kwa Janelle huo ndio muziki.

Saa tano kasoro dakika tano gari linafika njia panda ya Gingerich, juu mlimani. Hakuna kigari. Hakuna farasi. Saa tano inafika. Tano na dakika kumi.

Janelle anashuka na kutembea kwenye matope akiwa ameinama, na anachokiona kinamfanya ajishike kichwa. Magurudumu membamba yamekuja kutoka kwenye njia ya msituni, yamesimama, yakageuza na kurudi yalikotoka. Mahali farasi aliposimama pamekanyagwa hadi pakawa uji. Kuna mafungu mawili ya kinyesi, nayo yameshapoa na kulowa chapachapa.

"Alikuwa hapa," anasema. "Amengoja sana. Mungu wangu, aliandika saa nne ya kwetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Malinda, kwa heshima, alikuwa ameandika kwa saa ya mwenzake. Janelle, kwa heshima, akaja kwa saa ya mwenzake. Kila mmoja alijisumbua ili amrahisishie mwenziwe, wakapishana kwa saa nzima. Kosa hilo huwezi kulifanya na mtu usiyemjua. Lahitaji ujirani wa miaka.

Janelle hajioni mwerevu wakati huu. Anajitukana kwa maneno ambayo mhariri hatayapitisha. Kibanda cha simu cha Waamishi kiko bondeni kulekule, na ujumbe wake husikilizwa Jumanne na Jumamosi. Gari haliwezi kuteremka ile njia ya msituni, ya kukokotea magogo. Litazama hadi milangoni. Kurudi posta ni saa nzima, na kesho ni siku ya nne.

Anafunga milango ya gari kwa ufunguo, barua zikiwa ndani. Anavua kofia ya koti la mvua na kuifunga juu ya sanduku kama paa dogo, akihakikisha matundu ya ubavuni yako wazi. Kisha analikumbatia.

"Ni maili moja na nusu," anasema. "Goti langu litanilaani."

Mwandishi anajitolea kulibeba. Anakataliwa palepale.

"Hii ni barua. Haibebwi na mtu ambaye hajala kiapo cha posta. Wewe shika njia, nikianguka unidake mimi. Sanduku litakuwa juu."

Njia ya magogo inateremka kwa mzunguko katikati ya mialoni isiyo na majani. Matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mvua ya barafu inapiga usoni, na Janelle hana kofia. Koti lake ameliacha wazi. Angelifunga lingewapa vifaranga joto, lakini lingeziba matundu. Hilo ndilo linalomtesa njia nzima. Akiwafunika anawaua, akiwaacha wazi anawaua. Anafunga upande mmoja wa koti, hatua ishirini, anafungua. Anafunga wa pili, hatua ishirini, anafungua. Nywele zimemganda kwenye paji la uso na midomo imekuwa ya bluu.

Robo ya njia, anasimama, anatega sikio. Wanalia. Nusu ya njia, anasimama tena. Wanalia, ila kelele zimepungua, na sasa zinasikika moja moja.

Mara ya tatu anaposimama, hasikii kitu.

Anaketi juu ya gogo lililoanguka, palepale kwenye maji. Kulifungua sanduku haruhusiwi. Ni mali ya mtu mpaka limfikie mkononi. Basi anasogeza mdomo kwenye tundu moja, na mama huyu wa miaka hamsini na minne, mwenye sare ya posta, anaanza kuita kama kuku mwenye vifaranga. "Ko, ko, ko. Ko, ko, ko."

Kimya. Machozi yanamtoka bila kujificha.

"Ko, ko, ko. Jamani nyie, msinifanyie hivi tena."

Ndani panalia mmoja. Kisha mwingine. Kisha wachache, kwa uchovu, kama watu walioamshwa mapema. Janelle anasimama kwa haraka hivi kwamba goti linatoa mlio, na tangu hapo hasimami tena hadi anaona moshi.

Malinda Borntreger, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye mikono mipana, yuko kwenye rundo la kuni akichagua zilizo kavu. Anageuka, anamwona mtu aliyelowa akitokea msituni bila gari, na kuni zinamponyoka. (Hakuna picha yake kwenye makala haya, kwa ombi lake.)

"Janelle! Umekujaje?"

"Kwa miguu. Wewe njia panda ulikuja saa ngapi?"

"Saa nne. Ya kwenu. Nilikuandikia saa ya kwenu ili usihangaike."

"Na mimi nimekuja kwa saa ya kwenu ili usihangaike wewe!"

Wanatazamana. Malinda ndiye anayeanza kucheka, anaziba mdomo kwa aproni, na Janelle naye anacheka huku meno yakigongana. Lakini sekunde tu. Macho ya wote wawili yanarudi kwenye sanduku, na Malinda anafungua mlango kwa mguu.

Jikoni kuna jiko la kuni linalonguruma, na nyuma yake boksi pana la mbao lililotandazwa pumba za mbao tangu juzi. Watoto wako shuleni. Chumba cha pili Rudy ameketi kwenye kigoda kirefu akifuma kiti, na anaacha kufuma.

Malinda anakata kamba. Vifaranga wengi wamesimama, wamejikusanya pembeni kama shada moja la manyoya ya dhahabu. Wengine wamelala wamenyoosha shingo. Malinda anaweka bakuli la maji ya uvuguvugu yaliyotiwa sukari, anamchukua wa kwanza, anachovya ncha ya mdomo wake majini, anangoja. Kifaranga anainua kichwa, anameza. Anawekwa kwenye joto.

"Na wewe shika," Malinda anamwambia Janelle. "Unangoja nini?"

"Ni barua yako."

"Nimeshaipokea. Sasa ni kuku."

Wanawachovya mmoja mmoja, vichwa vyao viwili vikiwa vimeinamia bakuli moja. Wa kumi, wa kumi na tano, wa ishirini. Mmoja aliyekuwa amelala kama amekufa anapiga chafya, na Malinda anasema kitu kwa Kijerumani cha kwao ambacho Janelle hakielewi ila anakiitikia. Watatu hawaamki. Kiwanda kilikuwa kimetia mmoja wa nyongeza, kwa hiyo walikuwa ishirini na sita.

"Wangapi?" Rudy anauliza kutoka chumba cha pili.

"Ishirini na watatu."

"Ishirini na watatu," Rudy anarudia polepole. Wanamsikia akipenga kamasi, kisha anaendelea kufuma.

Malinda anamsukumia Janelle kiti na kikombe cha kahawa, na mkate uliopakwa siagi na jemu chachu ya mabua ya rubabu. Janelle hakai. Amesimama katikati ya jiko, maji yanamchuruzika sakafuni, na anakunja na kukunjua pindo la koti lake.

"Malinda, wale wa mwaka jana. Hawakufa njiani kwa baridi. Nilikuwa nimewafunika na blanketi, nikaziba matundu. Ni mimi. Nimekaa na hilo mwaka mzima, nimekuwa nikipita hapa nakupungia mkono kama mtu mwema."

Malinda anafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilijua," anasema.

"Ulijua nini?"

"Nilipofungua sanduku lilikuwa na joto kama mkate unaotoka jikoni. Kifaranga aliyekufa kwa baridi hawi hivyo. Na kwenye matundu kulikuwa na nyuzi za sufu, nyekundu. Nililijua hilo blanketi lako. Wewe ndiye uliyemfunika mtoto wangu Verna siku ile alipoanguka barabarani."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Janelle alidhani kata ni yeye peke yake. Anatafuta pa kushika, anashika mgongo wa kiti.

"Kwa hiyo ndiyo maana hukuandika kiwandani."

"Ningewaandikiaje wanilipe kwa jambo ambalo si kosa lao?"

"Ungenilipisha mimi basi! Ungenitukana. Ungesema kitu, Malinda! Mwaka mzima mmekaa bila mayai."

"Nilikasirika," Malinda anasema. "Usidhani sikukasirika. Wiki mbili nilikuwa nakupungia mkono huku nimekaza meno. Halafu nikafikiri, nikisema, huyu atashindwa kunitazama. Ataomba apewe njia nyingine. Wataniletea mtu anayetupa barua kwenye matope na kuondoka. Kuku nitapata wengine." Anainama na kuokota kigogo cha kuni, anakitia jikoni. "Kaa sasa, unalowesha sakafu yangu."

Janelle anakaa. Anakunywa kahawa yote kwa mkupuo na kuungua ulimi. Kisha anamgeukia mwandishi, ambaye kwa adabu alikuwa akitazama vifaranga.

"Sasa andika," anasema. "Yote."

Malinda anavuta droo ya meza, anatoa karatasi, kalamu na katalogi ya kiwanda iliyokunjwa pembe. Anaandika kwa utulivu, akinyanyua macho mara moja moja kuangalia boksi nyuma ya jiko, ambako vifaranga wameanza kudonoa chenga kavu za mahindi. Ni oda ya Mei: hamsini wa nyama, kwa ajili ya kuchinja mwishoni mwa kiangazi.

"Nilikuwa naogopa kuiandika kabla hawa hawajafika," anasema. Analamba bahasha, anabandika stempu, na badala ya kumwambia aipitie getini maji yakipungua, anamtia mkononi. "Wiki ya tatu ya Mei. Nikungoje wapi, saa ngapi?"

"Usiningoje popote," Janelle anajibu. "Wewe kaa kwako, washa jiko. Nitawaleta mpaka hapa mlangoni."

Ikikaribia saa saba, anaanza kuupanda mlima akiwa na koti la Rudy na kitambaa cha kichwa cha Malinda, sura ambayo Duane ataisimulia hadi Krismasi. Bahasha ameitia kwenye mfuko wa shati, upande wa ndani. Njiani mbele yake bado kuna masanduku ya barua mia na arobaini na tatu, na hapana shaka simu ya posta imeshaanza kuita, watu wanauliza tarishi amepotelea wapi.

Goti linamuuma kweli sasa, na anapanda kwa kushika miti. Kwa Mei amepanga mawili: kununua kipimajoto cha kuning'iniza karibu na kiti cha mbele, na kumwomba Duane amruhusu kuanza njia yake upande wa Bonde la Otter siku za vifaranga, ili wasizunguke maili arobaini bure. Anastaafu akifikisha sitini.

"Nimebakiza misimu sita," anasema, akisimama kuvuta pumzi. "Mwaka jana nilikuwa naihesabu nikitamani iishe. Leo naona ni michache."